Msitu wa Arabuko-Sokoke: Shauri la Miaka Ijayo

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi, akisha kuupita mji wa Kilifi, huona upande wake wa kushoto ukuta wa miti unaofuata njia kwa mwendo mrefu. Aghalabu hudhani ni pori tu, maana miti yenyewe si mirefu ya kustaajabisha kama ile ya Kakamega au ya Mlima Kenya, na wakati wa kiangazi majani yake huonekana kama yamepakwa vumbi. Lakini pori hilo ndilo Msitu wa Arabuko-Sokoke. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 420 hivi, nao ndio pande kubwa kuliko yote lililobaki la msitu mkavu wa pwani ya Afrika ya Mashariki. Zamani misitu ya namna hiyo ilifuata pwani kutoka Somalia hata Msumbiji. Siku hizi imebaki vipande vipande, na vingi vyake ni vidogo mno.

Msitu huu ni mali ya umma, na shauri lililopo mbele ya umma sasa ni hili. Mwaka 2002 uliandikwa mpango mkubwa wa kuutunza kwa muda wa miaka 25. Walioushughulikia walikuwa wa idara nne: Idara ya Misitu, Shirika la Wanyama wa Pori, Taasisi ya Uchunguzi wa Misitu na Makumbusho ya Taifa. Mpango huo mwisho wake ni mwaka 2027. Mtoto aliyezaliwa ulipoanza ni mtu mzima, labda ana mtoto wake mwenyewe, na huyo mtoto ndiye atakayeishi chini ya mpango ujao. Kwa hiyo si jambo la kuwaachia mabwana wa ofisi peke yao.

Yafaa kwanza kueleza msitu ulitoka wapi. Serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa msitu wa Serikali mwaka 1932. Sababu ya kwanza haikuwa elimu wala uchunguzi, bali mbao. Mbambakofi ulitafutwa kwa milango na majahazi, muhuhu kwa sakafu na baadaye kwa vinyago, na miti mikubwa ya namna hizo ikakatwa kwa miaka mingi hata ikaanza kuonekana kwa kutafutwa. Wenyeji nao walijikatia fito na nguzo za nyumba, wakaokota kuni, wakarina asali, wakatega paa na wanyama wengine wadogo. Hakuna aliyeandika lolote juu ya yale yaliyokuwa yakitoweka, isipokuwa hesabu ya magogo.

Mtu aliyeuingia msitu huu kwa miguu kutoka mashariki kwenda magharibi hujua kuwa si msitu mmoja bali mitatu. Upande wa bahari, penye mvua nyingi zaidi, pana mchanganyiko wa miti ya kila namna, na humo ndimo ulimo mbambakofi. Katikati pana ukanda wa mirihi iliyosimama mbalimbali juu ya mchanga mweupe, na mwanga wa jua hushuka mpaka chini. Magharibi, juu ya udongo mwekundu, pana vichaka vizito vya miti midogo ambayo wataalamu huiita Cynometra, na humo mtu hupita kwa shida. Mvua ya mwaka hupungua kutoka milimita 1,000 hivi mashariki hata 600 upande wa kaskazini magharibi. Kila ukanda una ndege wake na wadudu wake, na aliye wa ukanda mmoja mara nyingi haonekani katika mwingine.

Tofauti hizo za udongo zina maana kwa mkulima pia. Mara kwa mara husikika shauri kwamba msitu ukatwe na ardhi igawanywe kwa wasio na mashamba. Katika miaka ya 1990 mwanzoni, wachunguzi walipowauliza wakulima wa vijiji vya jirani, wengi wao walisema wangependa sehemu ya msitu, au msitu wote, ufyekwe. Hapana haja ya kuwalaumu. Mtu aliyeharibiwa mahindi yake na ndovu usiku mmoja, akakatazwa kukata hata ufito mmoja mchana wake, atasema nini kingine? Hata hivyo, mchanga mweupe ulio chini ya mirihi hauna rutuba ya kutosha, na aliyelima mchanga wa namna hiyo mahali pengine pwani anajua mavuno ya mwaka wa kwanza yanavyodanganya.

Jambo lililoanza kuyageuza mawazo ya watu halikuwa hotuba. Lilikuwa ni kipepeo. Mwaka 1993 ulianzishwa huko Gede mradi uitwao Kipepeo, katika ardhi ya Makumbusho karibu na magofu ya mji wa kale. Mkulima hupata vipepeo majike kutoka msituni, akawaweka katika kizimba cha chandarua pamoja na miche ya mimea wanayoipenda. Kipepeo hutaga mayai juu ya majani. Viwavi hutoka, hula, hunenepa, kisha kila mmoja hujifunga katika ganda lake akawa pupa. Hapo ndipo haraka huanza. Pupa hawezi kusubiri kama gunia la mahindi, kwa sababu baada ya siku chache kipepeo atatoka apende asipende. Basi mkulima huwapeleka Gede upesi, huko huchaguliwa, hufungwa kwa uangalifu, na kupelekwa kwa ndege mpaka Ulaya na Marekani, ambako watu hulipa kuingia katika nyumba za vioo na kuwatazama vipepeo wakiruka.

Wazee wengine walicheka waliposikia kuwa wadudu watauzwa. Walinyamaza fedha zilipoingia. Lakini faida iliyo kubwa zaidi ilikuwa ya elimu, nayo haikufundishwa darasani: mfugaji wa vipepeo hujifunza kuwa kipepeo wa namna fulani hutaga juu ya mmea wa namna fulani tu, na mmea huo ukiisha msituni, kipepeo naye amekwisha, na fedha pia. Wachunguzi waliporudi kuwauliza wakulima wale miaka michache baadaye, waliotaka msitu ufyekwe walikuwa wamepungua sana.

Njia ya pili ilikuwa ya ada za shule. Tangu mwaka 2001 shirika la A Rocha Kenya, lenye kituo chake Watamu, limekuwa likiwasaidia watoto wa vijiji vinavyopakana na msitu kulipa karo ya sekondari. Sehemu ya fedha hutoka kwa wageni wanaotembelea msitu na hori ya Mida, ambako limejengwa daraja la mbao la kupita juu ya mikoko. Mamia ya wanafunzi wamesaidiwa kwa njia hiyo. Mzazi huambiwa wazi kuwa fedha imetoka kwa msitu, naye hutarajiwa kuutunza na kupanda miti kwake. Pengine mwenye moyo mgumu atasema hiyo ni biashara, si mapenzi ya miti. Na iwe biashara. Karo ni karo.

Sasa kuhusu uchunguzi wenyewe. Katika miaka ya 1970 mtaalamu mmoja Mmarekani, Galen Rathbun, alikaa Gede akimchunguza sange mwenye matako ya rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu ambaye karibu wote waliobaki duniani wamo katika msitu huu na katika vichaka vilivyo karibu nao. Aligundua kuwa sange huishi wawili wawili, dume na jike, katika eneo lao moja, ijapokuwa mara nyingi kila mmoja hutembea peke yake. Na kwamba akiogopa hupiga mkia wake juu ya majani makavu kabla ya kukimbia. Watega mitego walizijua tabia hizo zamani, ila hakuna aliyewauliza.

Yuko pia bundi mdogo wa Sokoke, asiyezidi kiganja cha mtu pamoja na vidole vyake, ambaye hakujulikana na wataalamu mpaka miaka ya 1960. Hukaa katika vile vichaka vizito vya magharibi. Kwa muda mrefu ilidhaniwa hayuko popote pengine, hata alipoonekana tena katika vilima vya chini vya Usambara ya Mashariki, Tanganyika ya zamani, katika miaka ya 1990. Siku hizi vijana wa vijiji vya Gede waliojifunza kazi ya kuongoza wageni huweza kumwonyesha mgeni bundi huyo mchana, amelala kwenye tawi kama jani lililokauka. Wageni hutoka mbali sana kwa ajili ya tendo hilo moja.

Lakini mfano ulio bora ni wa mnana wa Clarke. Ndege huyu alipewa jina na wataalamu mwaka 1913. Alijulikana katika Msitu wa Arabuko-Sokoke na sehemu za karibu tu, wala hakuonekana popote nje ya nchi ya Kilifi. Watu walimwona akipita kwa makundi juu ya mirihi, kisha akipotea kwa miezi. Kiota chake hakikuonekana. Kwa muda wa miaka 100 vitabu vya ndege viliandika kuwa mahali anapozalia hapajulikani. Mwaka 2013 ndipo viota vilipoonekana, navyo havikuwa msituni hata kidogo: vilikuwa katika kinamasi cha nyasi huko Dakatcha, kaskazini ya Malindi, katika ardhi isiyo msitu wa Serikali.

Ugunduzi huo ulilipindua shauri zima. Mpango wa mwaka 2002 ulichora mipaka yake kwa uangalifu: hapa sehemu ya kuhifadhiwa kabisa, hapa sehemu ambapo wenyeji wataruhusiwa kuokota kuni na kuchukua vitu vya matumizi yao, hapa mashamba ya miti ya kukatwa. Ulikuwa mpango mzuri kwa wakati wake. Lakini ndege ambaye ni sifa ya msitu alikuwa akizalia nje ya ramani, katika vinamasi ambavyo mtu yeyote angeweza kuvikausha alime, bila kuvunja sheria yoyote ya misitu. Mtu anaweza kuulinda msitu wote kwa bunduki na uzio, na mnana akaisha vilevile. Mpango ujao usipoitazama Dakatcha pamoja na Arabuko, utakuwa umeandikwa kwa elimu ya mwaka 2002 na kupigwa muhuri wa mwaka 2027.

Shida nyingine ni ndovu. Zamani walikwenda na kurudi kati ya msitu na nyika za upande wa Tsavo. Mashamba yalipoongezeka njia zao zikazibwa, na uzio wa umeme wa jua ulipowekwa kuwazuia wasiingie katika mahindi, wakabaki ndani kama ng'ombe zizini. Uzio umewasaidia sana wakulima, hilo halina ubishi. Lakini ndovu ni mvunjaji wa miti, naye akikaa mahali pamoja mwaka hata mwaka, msitu hubadilika. Je, unabadilika kwa kiasi gani? Ni miti ipi inayovunjwa isirudi tena? Swali kama hilo halijibiwi kwa safari ya siku tatu. Hutakiwa vipande vya msitu vilivyopimwa, kila mti ukatiwa alama na kuandikwa, kisha ukapimwa tena baada ya miaka 5, na tena baada ya 10, na karatasi zile zikatunzwa mahali ambapo mchwa na mabadiliko ya wakubwa havitazifikia.

Kadhalika muhuhu. Mti huu hukua polepole mno, na mwizi wa magogo huukata kwa muda mfupi kuliko muda wa kunywa chai. Wachongaji wa vinyago walikuwa wakiutaka sana, mpaka baadhi yao walipofundishwa kutumia mwarobaini, ambao humea upesi na umejaa pwani nzima. Wakulima wa Kilifi nao wamepanda mvinje kwa wingi katika mashamba yao, nao huuza nguzo zake kwa wajenzi baada ya miaka michache. Kila nguzo ya mvinje iliyouzwa sokoni ni nguzo moja isiyotafutwa msituni. Taasisi ya Uchunguzi wa Misitu ina kituo chake hapo Gede, na kazi ya namna hii, ya kumtafutia mkulima mti wa kupanda kwake, ni uchunguzi wa msitu sawasawa na kumhesabu bundi, ijapokuwa haiandikwi katika magazeti ya Ulaya.

Pengine mtu atauliza kwa nini kupima miti kwa miaka mingi hivyo ilhali shida za leo ni nyingi. Mwaka 1907 Idara ya Misitu ilianza bustani ya miti huko Nairobi. Shabaha yake ilikuwa kujaribu miti ya kigeni, ili ionekane ni ipi itakayofaa kuwa kuni za gari la moshi. Gari la moshi limekwisha kuacha kuni zamani sana, lakini bustani ipo, ina mamia ya aina za miti, nayo ni darasa la wanafunzi na mahali pa kupumzikia watu wa mji. Waliopanda hawakuweza kujua hayo. Walichofanya ni kupanda kwa utaratibu.

Basi mpango ujao wa Arabuko-Sokoke uwe na nini ndani yake? Watu wa vijijini wanayo maoni yao, na mengine ni makali. Wasema kwamba wachunguzi huja kutoka vyuo vikuu vya hapa na vya ng'ambo, hukodi kijana wa kubeba ngazi na kamba, hupima, huandika, huondoka. Na kitabu kikishapigwa chapa hakirudi Jilore wala Dida, tena kimeandikwa kwa lugha ambayo mbeba ngazi hawezi kuisoma. Lawama hiyo ni ya haki. Lingekuwa jambo jepesi kuweka sharti kwamba kila apewaye ruhusa ya kuchunguza katika msitu wa umma aache Gede nakala ya kazi yake, na kurasa mbili tatu za Kiswahili zielezazo aliyoyaona, nazo zisomwe katika shule za jirani. Gharama yake ni karatasi tu. Mwalimu wa darasa la 7 hapo Gede angekuwa na habari za kufundishia zilizotoka nyuma ya shule yake, badala ya kuwaeleza watoto juu ya misitu ya Amazon.

Tena kuna jambo la ujira na cheo. Kijana aliyezaliwa kando ya msitu, ajuaye sauti za ndege kwa usiku na kwa mchana, akamsaidia mgeni kwa miezi sita, hupata mshahara wa kibarua na barua ya shukrani. Wengine wa namna hiyo wana akili ya kutosha kusoma zaidi. Ikiwa msitu utakuwa kweli mahali pa elimu, yafaa baadhi ya nafasi za masomo ya juu ya misitu ziwekwe kwa ajili ya watoto wa vijiji vile zaidi ya 50 vinavyouzunguka. Karo ya sekondari ni mwanzo mzuri, lakini wengi wao huishia hapo.

Na yule mkulima asiyejali bundi wala sange? Huyo husema kwamba mtoto hali vipepeo vya kutazamwa. Lazima ajibiwe kwa vitendo. Sheria ya wanyama wa pori ya mwaka 2013 iliweka malipo kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama, lakini malipo hayo huchelewa, na anayengoja kwa miaka huona kuwa sheria ni ya karatasi. Maneno yote ya elimu na uchunguzi yatapita juu ya kichwa chake mpaka jambo hilo limetengenezwa. Mwandika mpango aliyeko Nairobi yafaa aliweke mbele, wala asilifiche katika ukurasa wa mwisho.

Hatari nyingine hutoka mbali na vijiji. Mwaka 2014 ilitangazwa nia ya kutafuta mafuta ya petroli ndani ya msitu kwa kutikisa ardhi na kupima mtikiso wake. Kelele zilipigwa, na wenyeji walikuwa miongoni mwa waliozipiga. Watu walewale ambao miaka 20 kabla yake wengi wao walitaka msitu ufyekwe! Mpango ambao hauna jibu kwa tajiri ajaye na hati mkononi ni mpango nusu.

Sheria ya misitu ya mwaka 2016 imeweka njia. Kila msitu wa umma hutakiwa kuwa na mpango wa utunzaji, wananchi hutakiwa kusikilizwa unapoandikwa, na mipaka ya msitu haiwezi kupunguzwa kwa amri ya afisa mmoja, bali ombi hupelekwa katika Bunge. Wanaokaa karibu na msitu wanaruhusiwa kuunda vyama vyao, na vyama hivyo hufanya mapatano na Shirika la Huduma za Misitu juu ya haki za kuokota kuni, kuweka mizinga, kufuga vipepeo na mengineyo. Vyama vya namna hiyo vipo katika vituo vitatu vya msitu: Gede, Jilore na Sokoke. Asiye mwanachama aweza kujiandikisha, na aliye mwanachama asiyehudhuria mikutano asishangae akiona mpango umeandikwa bila neno lake. Wanawake, ambao ndio huingia msituni mara nyingi zaidi kutafuta kuni, na ndio huona kwanza mahali ambapo mti umekatwa usiku, wahudhurie hasa. Wenye maoni waliohamia mijini wanaweza kuyaandika na kuyapeleka kwa wakuu wa vituo hivyo, wakitaja kijiji chao na jambo wanalotaka, kwa maneno machache.